Walioshuka Wanane, Waliopanda Tisa

Tisa.

Daftari alihesabu kwa kidole, akahesabu kwa macho, kisha akahesabu kwa ncha ya kalamu. Jibu likabaki lilelile tuliloliacha wiki iliyopita. Walioshuka majini kumtazama potwe walikuwa wanane. Waliopanda walikuwa tisa, na wote walikuwa wamekaa kwenye boti ya Mjomba wakichuruzika maji.

"Afadhali wangepungua," alisema Mjomba kwenye usukani. "Aliyepungua unajua kumtafuta. Aliyezidi unamtafutia wapi?"

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili likiwa limefungiwa sabuni na hukusoma ya nyuma, mambo ni haya. Daftari ni binti aliyemaliza chuo mwaka jana. Alisomea viumbe vya baharini, akarudi nyumbani kuongoza wageni kwenye boti ya kaka wa mama yake. Jina la Daftari alipewa na mabaharia wa gatini, kwa sababu haendi popote bila daftari, na hajawahi kuandika humo jambo lisilotokea.

Potwe ni papa. Ni mrefu kuliko boti, ana madoa meupe mgongoni, anakula vijidudu vya majini usivyoweza kuviona, na hana haja yoyote na wewe. Watu wanasafiri siku mbili ili wakadharauliwe na mnyama huyo.

Basi Daftari aliwauliza abiria wake kwa upole kama kuna mmoja kati yao ambaye hakuja na boti hii. Abiria wakacheka. Walidhani ni mchezo unaofuata baada ya kuogelea. Wote walikuwa wamejifunga taulo za bluu, nywele zimelala, na kila uso una duara la miwani ya majini. Mtu akilowa hana tofauti na mwenzake.

Ikabidi aende kwenye kamba.

Kamba hiyo ilikuwa fahari yake. Ilifungwa kutoka mlingoti hadi nyuma ya boti, na juu yake kulikuwa na vibanio vya nguo, vile vya mbao, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu ya kucha. Anayeshuka majini anachukua kibanio chake, anakibana kwenye jaketi la kuelea. Akipanda, anakirudisha kwenye kamba. Kibanio kisiporudi, mtu hajarudi. Miezi minane sasa, na hajapotea hata mmoja.

Daftari alipita akisoma. Moja, mbili, tatu, nne. Tano, sita, saba, nane. Mwisho wa kamba, kibanio cha tisa.

Nacho kilikuwa nne.

"Namba nne ni nani?" aliuliza.

Mikono miwili ikainuka. Wa kwanza ulikuwa wa Mwalimu, mwanamke mstaafu aliyeongoza shule miaka thelathini na bado huinua mkono kabla ya kusema. Wa pili ulikuwa wa bwana mwembamba aliyekaa pembeni na kikombe cha chai.

"Mimi nimekuwa nne tangu asubuhi," alisema Mwalimu.

"Mimi pia," alisema bwana mwembamba. Kisha akatazama huku na huku kwa kukunja macho, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Samahani, mwanangu. Hii si ile boti nyingine?"

Haikuwa ile boti nyingine.

Alijieleza bila haraka. Yeye alikuwa fundi saa. Miwani yake ya macho aliiacha kwenye boti aliyokuja nayo, kwa kuwa huwezi kuvaa miwani ndani ya miwani. Aliambiwa kwamba akimaliza kuogelea atafute boti yenye kamba ya vibanio, apande, abane chake. Alitafuta, akaona kamba, akapanda, akabana. Mtu mmoja mwema akampa chai. Hakuona sababu ya kuuliza maswali.

Mtu mwema, ambaye ni Mjomba, alitazama mbele.

Lakini Daftari hakuwa anamsikiliza tena fundi saa. Alikuwa anakitazama kile kibanio. Ile nne ilikuwa na mkia mrefu uliopinda chini, na duniani kuna mtu mmoja tu anayeandika nne kwa namna hiyo. Mtu huyo ni mama yake. Alinunua pakiti moja ya vibanio ishirini na vinne. Kumi na viwili alimpa Daftari. Daftari hakuwahi kuuliza vingine viko wapi, maana nyumba yenye vibanio vya kutosha haishtui mtu.

Baharini asubuhi hiyo kulikuwa na boti nyingine moja tu. Ilikuwa ya Baba.

Hapa, msomaji, nakuomba utulie kidogo, maana ndani ya familia hii hata chumvi husafiri kwa kupitia kwa Mama. Baba na Mjomba walikuwa na boti moja ya pamoja. Siku moja, miaka sita iliyopita, boti hiyo iliondoka gatini peke yake kwa sababu mtu fulani hakuifunga kamba. Ilipatikana baada ya siku mbili, nzima. Urafiki haukupatikana. Baba alisema, si mimi. Mjomba akasema, si mimi. Hawakuongezeana neno lingine tangu hapo.

Daftari aliporudi kutoka chuo akachagua boti ya Mjomba, kwa sababu Mjomba huzima injini karibu na potwe na Baba hazimi. Baba alisema gatini, mbele ya watu, kwamba binti yake amesoma miaka minne ili aje kuanika watu kama nguo. Tangu siku hiyo wanakula meza moja, na Baba akitaka chumvi anamwomba Mama amwombe Daftari.

Na kumbe alikuwa anaanika watu yeye mwenyewe.

Daftari aliyaona mambo mawili kwa mpigo. La kwanza lilimpasha moto kifuani, akatamani kulia. La pili lilikausha machozi kabla hayajafika.

Karani wa gati huandika ubaoni idadi ya abiria wa kila boti inapotoka, na huwahesabu inaporudi. Boti isiyorudi na watu wake kamili inafutiwa leseni palepale. Hiyo ni kanuni ya pili. Kanuni ya nne inakataza boti mbili kukaribiana chini ya hatua sitini. Kanuni ya saba inasema ikifika saa tano kila mtu awe ametoka majini ili potwe ale kwa utulivu, na mwenye mtu majini baada ya hapo leseni yake imekwenda. Kanuni zote kumi na moja ziliombwa kwa barua ya kurasa tatu, ambayo ofisi iliipitisha bila kubadili hata nukta.

Barua hiyo aliiandika Daftari.

Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini na mbili.

Alimpa Mjomba redio ya upepo. Mjomba akaitazama kana kwamba ni kaa. Akaeleza kwamba yeye hamwiti mtu, kwamba kwa kawaida aliyepotelewa ndiye huita, na kwamba yeye hajapotelewa na kitu, ameongezewa. Daftari akaita mwenyewe.

"Baba, abiria wako wametimia?"

Redio ilikoroma. Halafu ikaja sauti ambayo kwa kawaida humfikia kupitia kwa mtu wa tatu. "Wametimia. Sita walishuka, sita wamepanda."

"Umehesabu vibanio au vichwa?"

Bila shaka Baba alikuwa anajiuliza binti amejuaje habari za vibanio.

"Vichwa," alisema mwisho. "Kibanio kimoja kimeanguka baharini, ni kitu cha kawaida. Vichwa viko sita."

"Wa sita ni nani?"

Redioni ulisikika mnong'ono. Kisha redio ikashikwa na mkono mwingine.

"Wa sita ni mimi," alisema Mama. "Usiniulize nafanya nini huku. Nimeshika ufunguo."

Asubuhi ile Mama alikuwa ameaga kwamba anakwenda saluni. Sasa ikadhihirika kwamba mwezi huo Baba alishalalamikiwa mara mbili kwa kuwasha injini juu ya potwe, na Mama alichoka kusikia malalamiko sokoni. Akapanda boti ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi, akachomoa ufunguo wa injini walipofika kwenye maji ya potwe, akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Alisema atautoa wakati wa kurudi. Baba alikuwa amekaa na injini iliyozimwa tangu saa tatu, mpole kama mgonjwa. Na alipohesabu vichwa vilivyojifunga taulo, alimhesabu mkewe.

Daftari alieleza hali. Alieleza kwa ufupi na kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Hakuna asiyejua nyumba ile inakula kutokana na nini.

Ndipo Mjomba alipoinuka. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaichukua redio kutoka mkononi mwa mpwa wake, akaibonyeza, akaiachia, akaibonyeza tena.

"Shemeji."

Upepo ulijibu kwanza.

"Nakusikia," alisema Baba.

"Nitakuja hadi hatua sitini. Nitazima. Ataogelea mwenyewe."

"Ngazi yangu iko kushoto."

"Najua ngazi yako iko wapi. Niliipigilia misumari mimi."

"Mmoja umetoka," alisema Baba.

Daftari aliandika yote hayo, pamoja na saa.

Mjomba aliisogeza boti taratibu, maana potwe hakuwa ameonekana kwa nusu saa nzima. Kwenye hatua sitini alizima. Ng'ambo ya pili Baba alikuwa ameshashuka hadi ngazi ya chini, maji magotini, mkono mmoja umenyooka kama mtu anayeomba nauli. Nyuma yake Mama alikaa wima na taulo mabegani. Juu ya kichwa cha Mama ilipita kamba, na kwenye kamba vibanio vitano vilikuwa vinapigwa na upepo.

Fundi saa alirudisha kikombe, akashukuru kwa chai. Kabla ya kuvaa miwani ya majini aliomba kusema jambo moja. Alisema leo hakumwona potwe. Wenzake walipiga kelele yuko huku, yeye akageuka, akaona maji. Miaka thelathini, alisema, anatazama vitu vidogo kwa kioo cha kukuzia, viskurubu vya saa, magurudumu kama chembe za mchanga. Alitaka mara moja tu aone kitu kikubwa bila kioo. Lakini si neno. Kuona si lazima.

Daftari alitamani kusindikizana naye, ila kanuni ya sita inamzuia kiongozi kuwaacha abiria wake, na kanuni ya sita nayo ni ya nani, unajua. Akambania kibanio chake jaketini, akamwonyesha upande wa kwenda.

"Shuka sasa," alimwambia. "Nyoosha tu, usisimame."

Akaandika: *Saa tano kasoro kumi. Nimemwambia ashuke.*

Fundi saa alikuwa anaogelea vizuri kuliko walivyotegemea. Hatua kumi. Hatua ishirini. Hatua thelathini.

Kisha maji chini yake yakawa meusi.

Weusi ule ulipanda taratibu, ukawa na madoa, ukawa na mgongo mpana kama paa la nyumba. Potwe alisimama kati ya boti mbili, mdomo wazi, akinywa maji kana kwamba asubuhi ile alikuwa nayo peke yake. Fundi saa akasimama pia. Akaingiza uso majini. Mrija wake wa kupumulia ukabaki juu, umenyooka, hautikisiki.

Baba aliita. Daftari aliita. Mtu mwenye masikio majini haitiki. Baba asingeweza kuwasha injini hata angetaka, na Mjomba asingetaka hata angeweza.

Kasoro dakika nane. Kasoro sita. Bwana harusi mmoja aliyekuwa kati ya abiria akasema labda amekufa. Mkewe akamkanyaga.

"Mwacheni," alisema Mwalimu. "Anasoma."

Kasoro tatu, Daftari alivua viatu. Mjomba akamshika ukosi bila kugeuka.

"Ukishuka na wewe," alisema, "watakuwa wawili."

Saa tano kamili ilifika kama inavyofika siku zote, bila kupiga hodi, na nyuma yake ikafika boti ndogo ya Karani ikivutwa kwa makasia. Karani wa gati si mtu mbaya. Ana watoto, anapenda mpira, na hajawahi kupokea hata embe la mtu. Ndiyo maana anaogopwa. Alisimamisha makasia mbali na potwe kama kanuni inavyotaka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akautazama ule mrija katikati.

Akaitazama saa yake mkononi. Saa hiyo ndiyo saa ya gati. Boti zote hulinganisha nayo kila asubuhi, Daftari akiwa wa kwanza.

"Saa tano na dakika moja," alisema. "Yule majini ni wa nani?"

Kumbuka swali la miaka sita iliyopita, msomaji, na kumbuka lilivyojibiwa. Safari hii majibu pia yalikuwa mawili, yakatoka kwenye boti mbili, kwa pamoja.

"Wangu," alisema Baba.

"Wangu," alisema Mjomba.

Wakatazamana juu ya mgongo wa potwe. Baba alitikisa kichwa, kumwambia mwenzake anyamaze. Mjomba akageuza uso upande, kama mtu asiyeelewa lugha ya vichwa. Mama alishika pindo la nguo yake kwa mikono miwili.

Karani alisema mtu mmoja hawezi kuwa wa wawili, na kwamba yeye ana ubao mmoja na chaki moja. Lakini kuna mtu hapa asiyeandika uongo. Akamgeukia binti.

"Daftari. Soma."

Daftari alifungua ukurasa. Mstari wa juu ulisema: *Waliopanda, tisa*. Kwa mstari huo, fundi saa alikuwa wa Mjomba. Kwa kibanio kilichokuwa kifuani mwake, alikuwa wa Baba. Binti alipitisha kidole chini, polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Shingoni alikuwa amevaa kibali chake cha kuongoza wageni, kilichofunikwa nailoni, bado kipya kiasi cha kung'aa.

"Saa tano kasoro kumi," alisoma. "Nimemwambia ashuke." Akakivua kibali shingoni. "Niliyemwambia ni mimi. Hakushuka kwa kutumwa na Baba, wala na Mjomba. Huyu ni wangu."

Baba alimtazama binti yake moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Karani, kutoka kwenye boti yake, akanyoosha mkono kukidai kibali. Mkono ulikuwa bado hewani pale fundi saa alipoinua uso kutoka majini. Alitoa mrija mdomoni. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa mekundu, na haikuwa chumvi peke yake.

"Samahani," alisema. "Saa ngapi?"

"Tano na dakika tatu," alijibu Karani. "Na saa hii haikosei. Imetoka kwa fundi mwezi uliopita tu."

Fundi saa alielea akifikiri. Aliinamisha sikio upande wa sauti ile.

"Yenye mkanda wa kijani? Kifuniko kina mkwaruzo karibu na kumi na mbili?"

Karani alikiri kwamba ndivyo.

"Nilikuambia uirudishe Jumatatu niimalizie," alisema fundi saa. "Hukurudi. Hiyo inawahi."

"Kiasi gani?"

"Dakika tano."

Karani aliitazama saa yake kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyeleta ripoti mbaya. Hakuishusha. Daftari aliyekuwa na kibali mkononi alishapiga hesabu.

"Kanuni ya saba inasema saa tano. Haisemi saa tano ya Karani."

Karani alikuwa mtu wa haki hata pale haki inapomwaibisha. Alikaa. Akashusha ubao magotini.

"Basi zimebaki dakika mbili," alisema. "Awe kwenye boti yake. Ile aliyotoka nayo gatini, na siyo nyingine."

Dakika mbili kwa hatua thelathini zinatosha. Baba akanyoosha mkono wake ngazini. Mjomba naye akasimama, akapiga kelele aende kule, kule. Daftari akapiga kelele kule. Mwalimu akainua mkono, akasema kule. Kwa upande wa Baba abiria watano walisimama wote wakipunga taulo na kusema huku. Kule na huku zikakutana juu ya maji zikawa kelele moja, na potwe, ambaye hapendi kelele, akajigeuza taratibu, mkia wake ukamzungusha fundi saa kama mshale wa dakika, mara moja, mara mbili.

Alipoacha kuzunguka alipangusa kioo chake kwa kidole. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Pande zote mbili, bila miwani, aliona boti. Na juu ya kila boti, kamba ya vibanio vya nguo ikicheza na upepo.